Siku zako za kwanza Ujerumani: usione aibu kusema umekwama

Alhamisi iliyopita usiku nimepata meseji inbox ya dada mmoja, hatujuani, kanifahamu tu kupitia zile post zangu za maombi ya skolashipu. Kaandika hivi: kaka shikamoo, nimefika Ujerumani leo siku ya nne, tangu nishuke kwenye ndege sijatia kitu cha moto mdomoni, nashinda nalia tu chumbani, nimeanza kuangalia bei ya tiketi ya kurudi, naomba usinicheke. Nimeisoma mara tatu, usingizi ukakata. Maana mwezi uliopita tu ndo nimemaliza masters yangu, tasnifu nimepata 1.3 na huku 1.0 ndo ya juu kabisa, nyumbani wananipongeza ooh kijana wa Moro katoboa, lakini huyo dada anayelia chumbani ni mimi kabisa wa Oktoba 2022, na hiyo habari nyumbani sikuwahi kumwambia mtu, hata mama, mpaka juzi.

Leo naisema yote.

Mimi nilifika Jumamosi. Kama una kalamu andika hapo: usifike Jumamosi. Nilitua Frankfurt alfajiri kupitia Addis, begi mbili za kilo 23, nikabadilisha treni tatu mpaka mji mmoja huko mashariki, nafika hosteli ya wanafunzi saa tisa mchana, ofisi imefungwa. Mtu wa funguo wanamwita Hausmeister, anapatikana siku za kazi tu tena kwa masaa, na hilo lilikuwa limeandikwa kwenye email niliyotumiwa mapema kabisa, kwa Kijerumani, mi nikaisoma juu juu kwa kuwa nina A1 yangu, cheti cha Kijerumani cha ngazi ya mwanzo kabisa, cha Goethe, taasisi yao ya lugha pale Upanga Dar, nikajiona nimeiva. Halafu kulikuwa na jamaa wa nyumbani, tumeunganishwa na mtu wa kanisani, kaniahidi kwa mdomo wake atanipokea stesheni. Napiga, inaita, napiga, inaita, mara ya nne haiiti tena. Mpaka leo hajawahi kuniambia siku ile kulikuwa na nini na tumeshakutana mara mbili kwenye shughuli za Watanzania, tunapeana mkono tu. Nimemsamehe ila sijasahau, siwezi kudanganya.

Nikakaa kwenye ngazi na mabegi yangu, kibaridi kinapiga, wanafunzi wanaingia na kutoka wananipita. Nyumbani mtu akikaa mlangoni na mabegi nusu saa tu, hata mtoto atakuja kumuuliza we mgeni wa nani. Hapa masaa mawili hakuna aliyeuliza. Na mimi nikasusa, nikasema kumbe ndo watu wenyewe hawa, siwaulizi na mimi. Usiku nikaenda kulala gesti ya karibu na stesheni, siku mbili, euro 130 zikaondoka kati ya 400 nilizokuwa nazo mkononi.

Jumapili natoka kutafuta chakula, supamaketi zote zimefungwa. Nikajua labda kuna msiba wa kitaifa. Kumbe ni sheria yao, Jumapili maduka yanafungwa kila wiki, isipokuwa machache kama mikate na yale ya ndani ya stesheni kubwa. Nilikula biskuti za kwenye ndege na maji ya bombani, wakati duka la stesheni lililokuwa wazi lipo hatua chache tu kutoka nilipolala. Ningemuuliza yule kijana wa mapokezi swali moja tu ningekula.

Jumatatu nikapewa funguo. Chumba kina kitanda, godoro, meza, basi. Hakuna shuka, hakuna mto, hakuna hata sufuria. Nililala nimejifunika kitenge cha mama na jaketi juu. Na usiku huohuo mama kapiga, mwanangu chumba kizuri? Nikamwambia kizuri sana mama, nikamtumia picha ya jengo la zamani nililolipita na basi, nikamwambia ndo chuo. Hata sio chuo.

Nilidanganya kwa sababu ya kiwanja. Baba aliuza kiwanja chake cha Kihonda ili tujazie ile akaunti ya viza. Kwa ambao hawajui, kama huna skolashipu ubalozi unataka uonyeshe hela ya mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa, saa hizi ni euro 11,904, na ukifika unapewa 992 kwa mwezi, huwezi kuchota zaidi hata uumwe. Ndugu wakisikia elfu kumi na moja wanajua mtoto tajiri. Wiki ya pili tu baba mdogo kanitumia voisi, vipi huko umeshaanza kazi, huku paa linavuja. Mtu ambaye baba yake kauza kiwanja atapiga simu aseme nimelala na jaketi? Nilishindwa.

Na hiyo 992 yenyewe (kipindi changu ilikuwa pungufu kidogo) haiji mpaka uwe na akaunti ya benki ya kawaida. Benki niliyoenda ikataka karatasi ya usajili wa makazi, wenyewe wanaita Anmeldung, inabidi uifanye ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Ofisi ya usajili inataka barua ya mwenye nyumba kwamba kweli unakaa pale. Nikapata barua, nikaenda kuomba miadi, mama wa dirishani kaniambia Alhamisi, halb neun. Mi nikatafsiri kichwani: halb ni nusu, neun ni tisa, basi tisa na nusu, yaani saa tatu na nusu asubuhi yetu. Alhamisi nimefika saa tatu na dakika kumi, najisifu nimewahi. Kumbe halb neun ni nusu ya kuelekea tisa, saa mbili na nusu! Nimechelewa dakika arobaini. Miadi nyingine baada ya wiki tatu, na mfukoni nimebaki na euro 90.

Nililia pale kwenye korido. Mwanaume mzima, bila sauti, machozi tu yanashuka. Akaja mama mmoja, amefunga kilemba, kanisikia nanong'ona ee Mungu wangu, akakaa pembeni yangu akasema, "Mutoto, juu ya nini unalia?" Mkongo wa Lubumbashi. Nikamwaga yote, kuanzia mabegi mpaka jaketi. Akasema, "Huku bantu habaulizake, ni weye njo utauliza," yaani huku watu hawaulizi, ni wewe ndo utauliza. Akanishika mkono tukarudi dirishani, akaongea Kijerumani chake kile cha kujifunzia kazini, na yule mama wa dirishani akaangalia kompyuta, akasema kuna mtu kaghairi Jumatatu, njoo. Hivyo tu! Dakika tatu. Jioni ile nikala kwake bukari na samaki, ugali wetu kabisa, tangu Dar sijala hivyo. Kurudi chumbani nikagonga mlango wa jirani, sikuwahi hata kumsalimia, nikamwambia sina mto sina sufuria. Akanipa vyote viwili, akaniambia kuna grupu la chuo watu wanaohama wanagawa vitu bure. Kuhusu zile ngazi nikamuuliza pia, akasema siku ile aliniona, alifikiri namsubiri mtu na hakutaka kuingilia mambo yangu.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza na wa pili na wa tatu ni huohuo, uliza. Tukifika ugenini tunaona kuuliza ni kujidhalilisha, eti nitaonekana mshamba, mtu una digrii yako lakini unaogopa kuuliza basi linapita wapi. Mwenzangu hiyo ni kiburi, tuiite kwa jina lake. Mungu hawezi kukuletea msaada kwenye chumba ulichojifungia mwenyewe. Ukinyamaza huku unanyamaziwa, wenzetu ndo heshima yao hiyo.

Mengine ni madogo madogo lakini yanauma. Fika Jumatatu au Jumanne. Beba cash ya kukutosha mwezi na nusu, usitegemee akaunti ile. Miadi yoyote waambie wakuandikie kwenye karatasi, ratiba ya chuo ukiona c.t. pembeni ya saa ujue kipindi kinaanza robo saa baadaye, ukiona s.t. ni palepale. Chupa za plastiki usitupe, nyingi unarudishiwa senti 25 kwenye mashine ya supamaketi, mi nilitupa nyingi kabla sijajua. Saa nne usiku ni muda wa ukimya, mimi nilibandikiwa karatasi mlangoni kwa kuongea na simu kwa sauti, nikaumia wiki nzima nikijua wananibagua kumbe ni kanuni ya jengo na kila mtu anabandikiwa. Unga wa ugali ukikosa tafuta duka la Waasia au Waafrika, au chukua ile Grieß, yaani semolina ya ngano, ya supamaketi, inasongeka vizuri tu. Na mchana kula kantini ya chuo, chakula cha moto kwa bei ya mwanafunzi, kwa sababu wengi wao jioni wanakula mkate wa baridi na ukisubiri jioni utalala na njaa.

Na nyumbani wape ukweli, hata nusu yake. Mimi mama nimemwambia juzi tu, miaka yote hiyo, baada ya meseji ya huyu dada. Alinyamaza, halafu akasema alijua, kwa sababu kwenye ile picha ya jengo mimi mwenyewe sikuwemo. Alisema alikuwa anaamka usiku kuniombea akisubiri nimwambie. Hilo limeniuma kuliko ile jaketi.

Dada, nimekujibu inbox lakini narudia hapa na wengine wasome. Tiketi usikate. Kesho ni Jumatatu, osha uso, gonga mlango wa jirani, sema Hallo, mwambie wewe ni mgeni na hujui pa kununua sufuria. Halafu nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na zile karatasi zako zote kwenye bahasha moja, hata zile usizozielewa, waambie hujui uanzie wapi. Saa sita niandikie umefikia wapi, simu yangu iko wazi na nitapokea.