Jibu: Divisheni III haitoi ufadhili wa michezo, mdogo wangu aende?

Dada, umeuliza kama kocha wa chuo cha Marekani anayemwita mdogo wako acheze mpira wa miguu bila kumlipia ada anamdanganya. Hamdanganyi. Ni kanuni ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko: katika Divisheni III, moja ya ngazi zake tatu, chuo hakiruhusiwi kumpa mtu fedha kwa sababu ya mpira. Fedha zipo mlango mwingine, yaani alama zake za shule na kipato cha nyumbani. Hapo ndipo mkazane. Kabla hajakubali, aombe barua ya msaada wa kifedha, mpunguze ruzuku kutoka kwenye gharama zote (malazi na chakula pia), na mkopo msiuhesabu kama msaada. Kinachobaki ndicho mtakacholipa.

Kiwango asikidharau. Chuo cha Messiah cha Pennsylvania kilibeba ubingwa wa soka ya wanaume wa Divisheni III mara 11 kati ya 2000 na 2017. Chuo cha Tufts mara 4 kati ya 2014 na 2019.

Mimi nilicheza ngazi hiyo. Nilipoumia goti, msaada wangu wa ada haukuguswa, kwa sababu haukutegemea mguu wangu. Amuulize kocha ana wachezaji wangapi wa nafasi yake, na wangapi wanarudi mwakani.