Punda wa shambani: niliyoyapata mnadani na baada ya mnada

Ndugu uliyeuliza kama ununue farasi au punda wa kubebea maji shambani Chalinze, na namna ya kumkagua mnyama mnadani: mimi ninaishi Mbezi, hapa Dar es Salaam, na shamba langu haliko mbali na lako. Farasi mwache. Maradhi ya farasi yanayoenezwa na usubi huwaua farasi wengi, ilhali punda huyapata na mara nyingi akaendelea na kazi zake. Ndorobo nao, ambao huku Pwani wapo, humdhoofisha farasi upesi. Punda hustahimili zaidi, ingawa naye huugua, kwa hiyo mfahamu mapema afisa mifugo wa kata yako.

Punda wangu wa kwanza nilimnunua katika mnada mmoja mkoani Dodoma. Alikuwa amenona, manyoya yanang'aa, na dalali aliniapia kuwa ana miaka sita. Sikumfungua mdomo. Punda, kama farasi, ana meno sita ya mbele juu na sita chini. Yale ya utoto hung'oka kwa jozi kuanzia katikati, na akifikisha miaka mitano hivi yote huwa yameshabadilika. Baada ya hapo unatazama mwinamo, maana kadiri anavyozeeka ndivyo meno yanavyorefuka na kulala kuelekea mbele. Ya huyu wangu yalikuwa yamelala kama ya reki.

Nilipokuwa nikimsugua nyumbani niliona pia kiraka cha manyoya meupe juu ya mabega, kikubwa kama kiganja, nikadhani ndiyo rangi yake. Kumbe manyoya meupe huota palipopona kidonda cha nira. Punda hana nundu ya kuikingia nira kama ng'ombe wetu. Yeye husukuma kwa kifua, na kinachomfaa ni mkanda mpana wa kifuani.

Siku ya tatu akagoma kula. Alisimama akielekea barabarani, masikio nyuma, akilia usiku kucha hadi majirani wakalalamika. Daktari wa mifugo alipofika hakumpima kwanza, bali aliniuliza: "Mwenzake yuko wapi?" Punda waliozoeana wakitenganishwa hususia chakula, na punda asiyekula siku kadhaa mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu, akaweza kufa. Nililazimika kurudi Dodoma kumfuata jike aliyekuwa amefungwa naye kamba moja. Muuzaji aliponiona tu alitabasamu, na bei aliyonitajia sitaiandika hapa.

Kwa hiyo nunua wawili waliozoeana, na usiwanunue wakiwa wamesimama. Omba watembezwe mahali pagumu, huku ukitazama kichwa: mguu wa mbele wenye maumivu unapokanyaga, kichwa hupanda. Kisha wafungwe mzigo mbele yako. Muuzaji akikuambia kuwa punda amechoka na safari, nawe mwambie utarudi mnada ujao.

Karatasi ni barua ya mtendaji wa kijiji anakotoka mnyama, stakabadhi ya ushuru wa mnada na kibali cha kusafirisha mifugo. Usizione kuwa usumbufu. Biashara ya ngozi za punda, ambayo wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliipiga marufuku Februari 2024, ilichochea wizi mkubwa, na usingependa kukutwa na punda wa mtu njiani.

Ukishawafikisha, usiwaogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi, kwa kuwa huwafunga utumbo. Chakula cha kuku nacho wasikiguse, kwani baadhi huchanganywa monensini, dawa ambayo kuku huivumilia lakini huharibu moyo wa punda na wa farasi.

Kuhusu kuuza, mwaka uliofuata jirani alimtaka yule punda wangu mzee. Nilimfungua mdomo mwenyewe, nikamwonyesha na kiraka cha mabegani, naye akanishusha bei hadi nusu. Nilikubali, ila nikamweleza kuwa jike haachwi nyuma. Alinung'unika hadi jioni, kisha akarudi na kamba mbili.