Ukiwa India, panga usiku wako, mchana uiachie milima

Wiki hii kijana mmoja wa Panzi, hapa Bukavu, ameniandikia. Amepata nafasi ya kusoma Bengaluru, lakini swali lake si la masomo: "Yaya, kwenye picha zako za mahekalu ya milimani sioni mtalii hata mmoja. Kule mtu anafikaje?" Nilimjibu kwa ufupi. Jibu kamili naliweka hapa, kwa kuwa kila mwaka vijana wa Bukavu wanakwenda kule kusoma, na wengine wanasindikiza wazazi hospitalini, kisha wanarudi na picha ya Taj Mahal tu. Taj Mahal iko Agra, mbali sana kaskazini. Milima ninayoisema iko karibu nanyi zaidi.

Bengaluru ni mji mkuu wa jimbo la Karnataka. Panda basi jekundu la serikali kuelekea magharibi, kama kilomita 250, utafika Chikkamagaluru, na hapo vilima vinaanza kupanda. Mullayanagiri, kilele kirefu kuliko vyote katika jimbo hilo, kina mita 1,930. Sisi tuliokua tukiutazama Kahuzi wenye mita 3,308 hatutishwi na kimo hicho. Kilichonishika mimi ni kahawa. Mimi ni mjukuu wa mkulima wa kahawa wa Katana, na sikuwahi kuona shamba kama lile: mikahawa imekaa kivulini chini ya miti mirefu, na kila shina la mti limezungukwa na pilipili manga iliyopanda hadi juu. Wenyeji husimulia kwamba katika karne ya 17 mtawa wa Kiislamu aitwaye Baba Budan alitoka Yemen na punje saba za kahawa akazipanda kwenye vilima hivyo. Vilima vinaitwa kwa jina lake hadi leo, na pangoni kwake wanakwenda kusali Waislamu na Wahindu pia.

Sasa niseme la usiku, maana ndilo lililoniumiza.

Tulifika mji mmoja mdogo jua likiwa limeshazama, mimi na rafiki yangu wa Lubumbashi. Kwenye nyumba ya kwanza ya wageni mhudumu alifungua pasipoti yangu, akanitazama, akafunga daftari lake. Hakuna chumba. Nyuma yake funguo zilikuwa zimejaa ubaoni. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu hawakuomba hata pasipoti. Tulitembea na mabegi mgongoni, watu wametutolea macho, hadi mama mmoja muuza maua akatuita, akampigia simu mtu wa ukoo wake mwenye vyumba vya kupangisha. Wapo walionikataa usiku ule kwa sababu ya ngozi yangu. Niliona machoni mwao, na bado linanichoma ninapoandika.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo ni lazima uijue. Sheria ya India inamtaka kila anayelaza mgeni kutoka nje kupeleka taarifa zake serikalini kwa fomu C, ndani ya saa 24. Nyumba ndogo nyingi hazijajiandikisha kwa kazi hiyo, hivyo wanaona heri kukufukuza kuliko kuulizwa na polisi. Kwa hiyo piga simu kabla ya kutoka Bengaluru. Sema wazi wewe ni Mkongomani, uliza kama wanajaza fomu C, na ukisikia wanasitasita, tafuta kwingine. Beba fotokopi za pasipoti, viza na kibali chako cha kuishi. Dada zangu hasa, nawaambia kwa ukali: basi la jioni lisikupeleke mahali ambapo hujui utalala wapi.

Usiku ukishapangwa, mchana usipange kitu. Mahekalu ya Belur na Halebidu utayaona, na yanastahili. Hekalu la Belur lilianzishwa mwaka 1117 na wafalme wa Hoysala, na tangu 2023 yote mawili yamo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Ila wageni wako wengi. Kati ya mji wa Hassan na Belur omba kushuka kwenye njia ya Doddagaddavalli. Hapo pana hekalu la mwaka 1114 hivi, kando ya ziwa dogo, katikati ya minazi, na tulimkuta mlinzi peke yake. Lina vyumba vinne vitakatifu vinavyotazamana. Mlangoni kwa mungu wa kike Kali wamesimama walinzi wawili wa mawe, miili mikavu kabisa; mbavu unaweza kuzihesabu kwa kidole. Jiwe hilo huwa laini linapochimbwa, kisha hukazwa na hewa, ndiyo maana mafundi waliweza kuchonga hadi mshipa wa shingo. Nilikaa hapo hadi nikasahau njaa.

Ukiwa na siku zaidi, nenda Sringeri, ndani kabisa ya milima, kwenye mto Tunga. Wahindu wanakuja kuhiji. Watalii wa Ulaya sikuwaona. Kwenye ngazi za mto kuna samaki wakubwa, wanene, wanaogombania punje za mchele unazowatupia, na hakuna anayewavua, maana ni watakatifu. Mtoto wa ziwa Kivu anayaangalia hayo na kushangaa. Mchana mahujaji wote hulishwa bure, na sisi tulikalishwa chini pamoja nao, wali na mchuzi wa dengu, bila mtu kutuuliza dini wala nchi. Baada ya usiku ule mwingine, nililia nikila.

Watu wa kanisani kwetu huniuliza: "Umeokoka, unaingiaje kwa sanamu?" Hakuna aliyenilazimisha kuabudu. Nilivua viatu, nikafunika mabega, nikanyamaza. Ndivyo ninavyotaka mgeni afanye akiingia Notre-Dame de la Paix hapa Bukavu. Tusidai heshima nyumbani kisha tukainyima kwa wengine. Uliza kabla ya kupiga picha, na penye kibao cha kukataza, simu ibaki mfukoni.

Beba soksi, maana saa sita mchana jiwe linaunguza nyayo. Na usiende milimani kati ya Juni na Septemba: mvua ile haina huruma, na ruba wanaingia hadi ndani ya viatu. Kama likizo yako ni Julai, nenda Somanathapura karibu na Mysuru, kwenye hekalu la 1258 ambako mvua ni chache, na milima uiachie Novemba, wavunaji wa kahawa wakiwa shambani.