Kabla hujaandika "mshipa umekufa"

Wiki hii nimefungua faili la mama mmoja. Neva ya ulna, ile ya upande wa kidole kidogo, ilikatwa na kioo pale kwenye kifundo cha mkono, ikashonwa, sasa ni wiki ya 10. Mmoja wenu ameandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: "Hakuna maendeleo. Mshipa umekufa." Wadogo zangu wa tiba ya viungo, sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, kwa hiyo sigombi. Haya, nagomba kidogo.

1. Neno "mshipa" liacheni mlangoni. Ukimwambia mzee mshipa wake umeumia, huyu atawaza damu, yule atawaza ngiri, na hatauliza kwa sababu anaona haya. Sema neva, mwonyeshe kwa kidole inapopita.

2. Jueni inavyorudi, si kwa ajili ya mtihani tu. Tangu mtafiti Mwingereza Waller alipokata neva za ulimi wa vyura na kuandika alichokiona mwaka 1850, tunajua kwamba kipande kilichotenganishwa na mwili wa seli hunyauka. Wengi wenu mnaishia hapo, ndiyo maana mnazika. Kipande cha juu ki hai! Kalsiamu ikiingia palipokatika, aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, inaziba mdomo wake kwa vifuko vya utando, halafu inachipua ncha. Huko chini seli za Schwann, zinazoifunika aksoni, na makrofaji, seli za kinga zinazomeza taka, zinafagia mabaki, kisha zile za Schwann zinajipanga mstari na kuwa njia. Ncha nayo haisongi kwa kuvutika kama mpira. Kila hatua inadai utando mpya. Mafuta na protini zake nyingi vinatengenezwa kwenye mwili wa seli, na kwa neva za mkono maana yake ni shingoni. Vinapakiwa kwenye vifuko, vinateremshwa kwenye reli za mikrotubuli, vijibomba vilivyo ndani ya aksoni, na kila kifuko kinachoungana na ncha kinaacha kiraka chake. Vifuko hivyo vina mbio, hadi milimita 400 kwa siku. Wanaochelewesha msafara ni protini za kiunzi cha seli, zinazojikokota milimita chache tu kwa siku. Ndiyo maana tunahesabu milimita 1 kwa siku, basi. Mgonjwa akiuliza mbona inachelewa, mweleze hivyo. Wanaelewa kuliko mnavyodhani.

3. Tembeeni na futi. Hapa nilikuwa niwaambie mpime toka jeraha hadi msuli wa kwanza, muongeze mwezi mmoja wa maandalizi, nihamie namba 4. Lakini lazima niwasimulie habari za seremala.

Alianguka na bodaboda, mfupa wa juu wa mkono wa kulia ukavunjika katikati, ngozi haikuchanika. Hogo lilipotolewa, kiganja kilikuwa kinaning'inia kama jani la mgomba lililopigwa jua. Neva ya radiali, ile inayoinua kiganja na vidole, kila mtu aliiona. Nilimfanyia mazoezi, nikamfunga mashine ya umeme (nilikuwa naipenda sana mashine ile, ina taa), nikamwambia "inua", hakuinua. Wiki ya 14 nikachoka. Nikamwambia, tena mbele ya mkewe: "Mshipa umekufa, mzee. Jifunze kutumia kushoto." Nikafunga faili, nikaenda kunywa chai.

Sasa pigeni hesabu ambayo sikuipiga. Kutoka kwenye mvunjiko hadi brakioradialisi, msuli wa kwanza ambao neva hiyo inaukuta, ilikuwa kama sentimita 12. Siku 120, ongeza mwezi: miezi mitano. Mimi nilimfukuza siku ya 98, ncha zikiwa pengine sentimita 7 chini ya mvunjiko, na kidole changu hakijawahi kugonga pale kuzitafuta hata mara moja. Na kama kweli zisingekuwa zinasonga, kosa lingekuwa lile lile, kwa sababu alitakiwa kupewa rufaa kwa daktari wa upasuaji mapema, siyo kurudishwa nyumbani. Msuli ukikaa bila neva mwaka, mwaka na nusu, hata neva ikifika haikuti kitu cha maana.

Alirudi mwezi wa 11 tangu aumie, kwa ajili ya mgongo. Niliutambua ule mkono kabla ya uso. Kiganja kimejikunja kwa ndani, vidole vimekaza kama mtu aliyeshika ufunguo. Nikaweka kidole chini kidogo ya kiwiko, nikamwambia akunje mkono, dole gumba likitazama juu. Msuli ukavimba chini ya kidole changu. Akaangalia, akaniangalia.

"Daktari, si ulisema umekufa? Mbona unacheza?"

Neva ilikuwa imerudi nyumbani, ikakuta mlango umepigwa misumari. Aliyepiga misumari ni mimi, maana niliposema imekufa aliona banzi la nini, kunyoosha kwa nini. Tulihangaika na kile kifundo miezi minane. Alikuja kushika nyundo, ila randa hadi leo anamwachia kijana wake.

4. Banzi na kunyoosha viungo tangu siku ya kwanza. Msuli ukilala, kiungo kisilale.

5. Gongeni kwa ncha ya kidole toka chini kwenda juu, muandike sentimita toka kwenye mfupa usiohama. Daktari Mfaransa Tinel alieleza dalili hii mwaka 1915, enzi za majeruhi wa vita, akaiita kwa Kifaransa jina linalohusu sisimizi. Wagonjwa wetu hawajamsoma Tinel na bado wanasema "kama siafu wanatambaa". Pale siafu walipo, ndipo ncha ilipo. Mwezi ujao wawe wameteremka.

6. Mkono wenye ganzi hauhisi sufuria. Waambieni kabla hawajaungua.

7. Mwenye kisukari, punguzeni matarajio ya kasi, msipunguze ziara.

Yule mama nimempigia simu, anakuja Jumatano saa mbili asubuhi. Aliyeandika kwenye faili lile aje na futi na kalamu ya wino, na chai anywe kabla.