Msizidishe Pauni Zangu kwa Saa Nane

Juzi kwenye kundi la familia mtoto wa kaka yangu aliniuliza swali ambalo najua wengi wenu mnalo, ila mnaona haya kulitamka. Aliandika: "Shangazi shikamoo. Nimesoma kwamba kima cha chini cha mshahara Uingereza mwaka 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa nane tu kwa siku ni zaidi ya laki tatu za huku. Sasa mbona kila tukikuomba kitu unasema tusubiri?" Baba yake akamkemea palepale, kijana akafuta ujumbe. Kaka, usimkemee. Ameuliza swali la haki. Mimi ndiye niliyekwepa kulijibu miaka minne hii, kwa sababu nilitaka muendelee kuniona nimefika.

Marahaba, baba. Hesabu yako ya kuzidisha iko sawa. Umekosea pale ulipoweka nane.

Mimi nahudumia wazee majumbani mwao, London ya mashariki. Kampuni hainilipi kwa siku wala kwa shifti. Inanilipa dakika ninazokuwa ndani ya nyumba ya mzee, basi. Nikifika nagusisha simu kwenye kibandiko kilichopo karibu na mlango, saa inaanza kuhesabu. Nikitoka nagusisha tena, inasimama. Kutoka mlango huo hadi mlango unaofuata sina mshahara. Nikisubiri basi kituoni, nikitafuta namba ya nyumba kwenye mvua, nikipanda ghorofa ya saba kwa miguu kwa sababu lifti imekufa, muda huo wote ni wangu mwenyewe.

Chukua Jumanne moja, kima cha chini kikiwa bado pauni 12.21. Nilitoka chumbani kwangu saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Asubuhi nilikuwa na wazee wanne, mmoja wa dakika 45 na watatu wa dakika 30. Mchana watatu, wawili wa dakika 30 na mmoja wa 45. Jioni wanne tena, kama asubuhi. Jumla dakika 375, yaani saa sita na robo. Nilikuwa nalipwa pauni 12.60 kwa saa, juu kidogo ya kima hicho, na kampuni ilisema hizo peni 39 za ziada ndiyo malipo ya safari. Nikapata pauni 78.75. Nilirudi chumbani saa nne usiku. Nilikuwa nimekaa nje saa kumi na sita na robo.

Nisiwadanganye, si zote hizo zilikuwa saa za kazi. Safari ya kutoka kwangu hadi kwa mzee wa kwanza, na ile ya kurudi usiku, sheria ya huku haiihesabu. Na katikati kulikuwa na saa kama nne sina mtu, nilikaa maktaba ya mtaa kwa sababu mle kuna joto. Lakini safari ya kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine sheria inaihesabu kuwa ni kazi, na siku ile safari hizo zilifika saa tatu. Jumlisha na zile sita na robo, unapata saa tisa na robo. Zidisha kwa 12.21, nilitakiwa nisipate chini ya pauni 112.94. Nimepunjwa pauni 34 kwa siku moja. Sheria inaangalia wastani wa kipindi chote cha malipo, si siku moja, lakini siku zangu zinafanana.

Mtaniuliza, kwa nini hushtaki? Kibali changu cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri. Akiniachisha, au akinyang'anywa leseni ya kuajiri watu kutoka nje, kwa kawaida napewa siku 60 nipate mwajiri mwingine mwenye leseni, la sivyo nifungashe. Hofu hiyo ndiyo inayotufanya tunyamaze, na kampuni zinaijua. Nimejiunga na chama cha wafanyakazi mwaka huu. Kila safari naiandika kwenye daftari, saa niliyotoka na saa niliyofika, kwa sababu mamlaka ya kodi ndiyo inayosimamia kima cha chini na inaweza kudai malimbikizo ya hadi miaka sita nyuma. Mwaka 2020 wahudumu waliokuwa wakifanya kazi kama yangu huko Haringey, kaskazini mwa London, walishinda kesi ya safari kwa msaada wa chama cha UNISON. Kwa hiyo inawezekana. Ila walichukua miaka, na mimi bado naogopa.

Kima cha chini chenyewe sikilaumu. Naomba hili mlisikie, kwa sababu nimeona wengine huko mkisema kwamba kupandisha mishahara ya chini ni kuua ajira. Nchi hii haikuwa na kima cha chini cha taifa zima mpaka tarehe 1 Aprili 1999, kilipoanza na pauni 3.60 kwa saa. Waliokipinga walisema watu watafukuzwa kazi kwa wingi. Halikutokea. Kila mwaka tume huru yenye wawakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi na wataalamu inakaa, inaishauri serikali, kiwango kinasogezwa. Mwaka 2024 kilifika theluthi mbili ya mshahara wa kati, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi wako juu yake na nusu wako chini. Cha Aprili 2026 kiliwekwa kuwa pauni 12.71. Mwenye mgahawa mdogo analalamika, hasa baada ya mchango wake wa bima ya taifa kwa kila mfanyakazi kupandishwa hadi asilimia 15 Aprili 2025, na simlaumu, maana naye analipa pango. Lakini bila kiwango hicho mimi na wenzangu tungelipwa nusu yake na tungekubali.

Tatizo ni lile walilolijua wanawake wa Cradley Heath, mji mdogo wa katikati ya Uingereza, zamani sana. Walikuwa wanafua minyororo ya chuma kwenye vibanda nyuma ya nyumba zao. Mwaka 1909 bunge lilipitisha sheria ya viwango vya mishahara kwa kazi chache za kinyonyaji, yao ikiwemo. Kiwango kikatangazwa, waajiri wakakwepa kukilipa. Mwaka 1910 wakagoma wiki kumi, Mary Macarthur akiwa kiongozi wao, ndipo wakalipwa. Kiwango kilikuwepo tayari kwenye karatasi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka msimamizi wangu na peni zake 39.

Sasa tuje kwenye zilizobaki. Nafanya siku sita kwa wiki, na baada ya kodi, bima ya taifa na akiba ya uzeeni, mwezi mzuri unaniachia kama pauni 1,700. Chumba ni 820, umeme na maji ndani yake. Ni chumba kimoja, baba, si nyumba. Jiko tunashirikiana watu watano, na kila mmoja ana rafu yake kwenye friji yenye jina. Basi karibu 100. Chakula, simu na sabuni ni 280. Inabaki 500. Kati ya hizo, 200 zinakwenda kwa mtu niliyekopa kwake nije huku, deni ambalo baba yako analijua na mama yako halijui, na sasa analijua. Mnaponiomba, mnaomba kwenye hizo 300.

Hapo mtaona kwa nini wapo wanaosema kima cha chini hakitoshi mjini. Mwaka 2001 makanisa, misikiti na vyama vya wafanyakazi hapahapa London ya mashariki walianza kampeni ya mshahara wa kuishi, unaopigiwa hesabu kwa kuangalia pango na bei halisi. Kwa London, kiwango kilichotangazwa Oktoba 2025 ni pauni 14.80 kwa saa. Ni hiari ya mwajiri, na wangu hakuchagua. Naye ana la kusema: halmashauri ndiyo inayomlipa kwa wazee wengi, nayo inalipa kidogo. Halmashauri inasema serikali kuu imeibana tangu 2010. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na mimi nipo kituoni nasubiri basi.

Kuna mzee mmoja, Mwingereza, amezaliwa palepale mtaani, alipakua mizigo bandarini ujana wake wote. Jikoni kwake dirishani unaona majengo ya Canary Wharf, mabenki yote yale, taa zimewaka usiku kucha. Ana mita ya umeme ya kulipia kabla, kama LUKU. Mwezi uliopita nimeweka birika nimtengenezee chai, umeme ukakatika. Alikuwa kwenye kiti amevaa koti na kofia ndani ya nyumba, akaniambia nichukue ufunguo wa mita kwenye droo na pauni kumi, nikaongeze dukani. Nikaenda mbio, dakika zangu zinahesabu. Niliporudi na kuingiza ufunguo, sehemu ya zile kumi ikaliwa mara moja, kwa sababu kuna ada ya kila siku inayoendelea kujilimbikiza hata kama hukuwasha taa. Akanitazama, akasema samahani. Aniombe samahani mimi! Nililia kwenye ngazi. Sikujua kwamba mzee mwenye nchi yake, mwenye pasipoti yake, anaweza kukaa kwenye baridi namna ile huku benki zinamwangalia. Huku umaskini una milango na mapazia, ukipita barabarani huuoni.

Najua mtasema, rudi basi. Sirudi, bado. Pauni 300 ni pauni 300, mdogo wako yuko shuleni kwa sababu ya hizo, na bibi anapata dawa zake. Sijutii kuja. Najutia kuwaonyesha picha za kwenye mnara wa saa na kuwaficha chumba.

Na sasa lile jingine, uliloniandikia pembeni, la wakala anayetaka milioni nane akuletee kazi kama yangu. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje kwa kibali cha kazi. Njia hiyo haipo, baba. Anayekuambia ipo anakuibia, hata kama ni mtu wa mtaani kwetu na hata kama amekuonyesha barua yenye muhuri. Kiwanja usiuze. Ukipata kazi ya nchi nyingine yoyote, kabla ya kuuliza saa moja ni kiasi gani, uliza kwa wiki utalipwa saa ngapi, safari zinalipwa au hazilipwi, na chumba ni bei gani. Nitumie mkataba, tutausoma pamoja kwenye simu Jumapili, ndiyo siku yangu ya mapumziko.

Ile ada uliyoomba nitatuma tarehe 28 nikishalipwa. Si yote. Nitatuma nusu, na nusu nyingine mwezi unaofuata, nimeshaongea na mwalimu wa fedha wa shule na amekubali.