Namna ya Kufuatilia Asili ya Neno la Kiingereza

Katika kufundisha Kiingereza nimewaona wengi wakitafuta asili ya neno kwa sikio tu: wakikuta maneno mawili yanafanana, huona kazi imekwisha. Ushauri wangu ni kuidai kila hatua ushahidi wake, yaani neno lilitoka kwa nani, likapokelewa na nani, na watu hao walikutana wapi.

Mfano ninaoupenda ni sugar, ambalo wanafunzi wangu hudhani ndilo lililozaa sukari. Maneno yote mawili yanatokana na sukkar ya Kiarabu. Letu lilifika pwani kwa njia ya biashara na Waarabu, ilhali la Waingereza lilipitia Kilatini cha zama za kati na Kifaransa cha kale. Waarabu walilitwaa kwa Waajemi, waliosema shakar, na Waajemi wakalipata India, ambako śarkarā ya Kisanskriti ilimaanisha changarawe, kisha chembe za sukari.

Miwa yenyewe ilipita njia hiyohiyo hadi Waarabu wakaipanda Sicily na Hispania, na hapa ndipo herufi moja inapotoa ushahidi. Azúcar ya Kihispania imebakiza al- ya Kiarabu, kiambishi kinachofanya kazi kama the ya Kiingereza, ambacho mbele ya s hutamkwa as-, lakini zucchero ya Kiitaliano na sucre ya Kifaransa hazina a hiyo. Kwa hiyo sugar, ambayo pia haina, haikutokea Hispania.

Usisahau kwamba neno huweza kuingia zaidi ya mara moja. Saccharin, kemikali tamu iliyogunduliwa mwaka 1879, ilipata jina lake kupitia Kilatini na Kigiriki, na jaggery, yaani sukari guru, ililetwa na Wareno kutoka kusini mwa India. Zote ni uzao wa śarkarā.

Kwa kazi hii tafuta kamusi inayopanga mifano kwa miaka, kama Oxford English Dictionary, uone tahajia zilivyobadilika. Badiliko la sauti lililotokea katika neno moja tu litilie shaka mpaka ulipatie mwenzake: k ya sugar iligeuka g, na flagon, iliyotokana na flacon ya Kifaransa, ilifanya vivyo hivyo. Ukiona kinyota mbele ya neno la kale, ujue wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha lugha, halijapatikana katika maandishi yoyote, nawe ulinukuu pamoja na kinyota chake.