Jibu: Stempu ya meli ya Mjerumani, ni ya 1901 au ya baadaye?

Habari mkuu. Umesema kwenye sanduku la babu huko Ujiji umekuta stempu yenye meli, imeandikwa DEUTSCH-OSTAFRIKA (Afrika Mashariki ya Kijerumani) 7½ HELLER, na unataka kujua kama ni ya 1901.

Anza na fedha iliyoandikwa. Toleo la 1901 lilitumia sarafu ndogo iliyoitwa pesa, 64 kwa rupia moja. Stempu za heller, sarafu ndogo iliyochukua nafasi ya pesa, ziliingia 1905, heller 100 kwa rupia. Kwa hiyo yako si ya 1901. Meli hiyo ni Hohenzollern, ya Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani wakati huo, na stempu zilichapwa Berlin, hazikuchapwa huku.

Sasa geuza nyuma. Heller za mwanzo zilichapwa kwenye karatasi isiyo na alama ya maji (watermark, mchoro uliofichwa ndani ya karatasi), zilizofuata zina alama hiyo, vimraba kama almasi. Mimi hulaza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, nadondoshea petroli kidogo ya kujazia viberiti vya petroli (lighter fluid), mbali kabisa na jiko. Alama ikiwepo hujitokeza kwa sekunde chache, kisha petroli inakauka yenyewe.

Ila nakusihi, kama bado imebandikwa kwenye bahasha, usiibandue! Mimi hapa Tabora niliwahi kuloweka moja kwenye maji ya moto, muhuri wa posta ukabaki nusu. Inaniuma mpaka leo, maana muhuri ndio unaosema barua ilitumwa wapi na lini. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na Wabelgiji wakaiteka miji yote miwili 1916, kwa hiyo tarehe ina uzito sana.

Bei sitakutajia bila kuiona. Weka picha ya mbele na nyuma, muhuri usomeke.